Bima Ndogo, Bima Kubwa: Stika ya Gari Lako Inakulinda Wapi na Inakuacha Wapi?



Hapa tunaongea sana kuhusu picha nzuri, bei, na kuwahi kujibu meseji za wateja. Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi tunakilipa mara moja kwa mwaka, tunashukuru kimeisha, halafu hatukisomi tena mpaka siku mambo yameharibika. Bima ya gari.

Utauliza bima inahusiana nini na kuuza mtandaoni. Inahusiana sana. Muuzaji wa Kimara mwenye kagari kake, iwe IST, Passo, Noah au kirikuu, gari lake sio la kutembelea tu. Asubuhi linashuka Kariakoo kufuata mzigo. Mchana limegeuka stoo, maboksi yamejaa mpaka kwenye kiti cha abiria. Jioni linapeleka oda: moja Mbezi, moja Goba, moja Tegeta, na yule mteja wa Mbagala ambaye kila siku anasema "njoo tu, nipo". Barabarani ni foleni, bodaboda wanapita kushoto na kulia. Gari likigusa au likiguswa pale Ubungo, swali sio tu "nani kakosea?" Swali ni "nani analipa?" Jibu likiwa ni wewe, hela inatoka kwenye mtaji.

Twende hatua kwa hatua.

1. ILIYO YA LAZIMA: BIMA NDOGO

Tanzania kuna Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inasema chombo cha moto hakiruhusiwi kuwa barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Gari, pikipiki, bajaji, vyote vimo. Hiyo ndiyo mtaani tunaiita bima ndogo.

Ili uielewe, hesabu watu watatu. Wa kwanza ni wewe mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni mtu yeyote mwingine: mama anayevuka barabara Kimara Mwisho, dereva wa bodaboda, mwenye gari la mbele yako. Bima ndogo ipo kwa ajili ya huyo wa tatu. Ukimgonga ukawa na kosa, kampuni inabeba fidia ya kifo au majeraha yake, na pia uharibifu wa mali yake mpaka kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba.

Kwa gari dogo binafsi, ada ya bima ndogo ni shilingi 100,000 kabla ya VAT. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000, ile namba ambayo kila mwenye gari Dar anaijua kwa kichwa. Ukigawa kwa siku 365, ni kama shilingi 323 kwa siku. Hata vocha ya siku inazidi.

Kwa hiyo usiiruke. Ukikamatwa bila bima kuna kosa la kisheria, lakini faini ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Tatizo kubwa ni ukimvunja mtu mguu halafu huna bima. Matibabu, fidia, kesi, vyote vinakutazama wewe.

2. BIMA NDOGO INAKUACHA WAPI

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa siku ya ajali. Bima ndogo haikulipi vitu vifuatavyo:

– Gari lako mwenyewe. Ukiwa na kosa, bampa na taa zako unatengeneza mwenyewe.
– Gari lako likiibiwa usiku hapo nje.
– Gari lako likiungua moto.
– Gari lako likizolewa na maji. Wakazi wa njia yetu mnajua Jangwani inavyokuwa Mto Msimbazi ukifurika mpaka mwendokasi wanasimamisha safari.
– Wewe dereva ukiumia.
– Mzigo uliokuwa ndani ya gari.

Soma tena huo mstari wa mwisho, tutaurudia.

Kuna jambo jingine. Yule kijana anayekusaidia kubeba maboksi, akiumia akiwa kazini kwako, usitegemee bima ndogo imhudumie kama vile ni mpita njia. Wafanyakazi wana utaratibu wao kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kama umeajiri, hata mtu mmoja, ulizia usajili wako huko.

3. ILIYO YA HIARI: BIMA KUBWA

Bima kubwa inafanya kazi yote ya bima ndogo, halafu inaongeza ulinzi wa gari lako mwenyewe: ajali hata kama kosa ni lako, wizi, moto. Mafuriko na vurugu za mitaani, uliza. Kampuni moja inaweka ndani moja kwa moja, nyingine inataka uongezee hela.

Sheria haikulazimishi kuwa nayo. Anayekulazimisha ni benki, kama gari umelichukua kwa mkopo, kwa sababu gari ndiyo dhamana yao.

Bei yake haiko sawa kwa kila mtu, inafuata thamani ya gari. Kwa gari binafsi, kiwango cha kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani. Tupige hesabu ya gari la shilingi 15,000,000:

15,000,000 × 3.5% = 525,000
VAT 18% = 94,500
Jumla = 619,500 kwa mwaka

Hiyo ni kama shilingi 51,600 kwa mwezi, au shilingi 1,700 kwa siku. Sasa ndiyo unaweza kuongea kibiashara. Oda moja unapata faida kiasi gani? Kama faida ya oda ni 8,000, basi oda sita au saba kwa mwezi zinalipia bima kubwa. Ukipata oda kumi kwa mwezi jumla, hiyo ni nzito. Ukipata oda kumi kwa siku, na bila gari biashara inasimama, hiyo ni rahisi kuliko unavyodhani.

Kabla hujasaini bima kubwa, kuna maneno matatu lazima uyajue.

Thamani. Wengine wanashusha thamani ya gari ili ada iwe ndogo. Gari la milioni 15 wanaandikisha milioni 10. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema ukiandikisha pungufu, na fidia inapungua kwa uwiano huohuo. Umeandikisha theluthi mbili, ukipata hasara ya milioni 3 unaweza kulipwa milioni 2, na bado kuna makato. Kuongeza thamani nako hakusaidii. Gari likiibiwa, kampuni inaangalia bei ya sokoni ya siku ile.

Eksesi. Hicho ni kiasi ambacho wewe unachangia katika kila dai. Mkataba ukisema eksesi ni shilingi 300,000, na mkwaruzo wa mlango ni 200,000, hakuna cha kudai hapo. Ukipewa bima kubwa ya bei poa sana, angalia eksesi kwanza. Mara nyingi urahisi umejificha humo.

Punguzo la kutodai. Ukimaliza mwaka bila kudai kitu, mwaka unaofuata unaweza kupunguziwa ada. Kwa hiyo kabla hujadai kitu kidogo, piga hesabu kama fidia itazidi punguzo utakalopoteza.

4. KUNA YA KATIKATI

Wauzaji wengi hawajui hii. Ipo bima ya watu wengine inayoongezewa moto na wizi. Yaani inawalipa uliowagonga, na inakulipa wewe gari likiungua au likiibiwa, lakini haikutengenezei gari ukigonga mwenyewe. Ada yake iko kati ya ndogo na kubwa.

Inamfaa mtu ambaye gari lake sio jipya, fundi wake yuko karibu na bei ya vipuri anaimudu, lakini kinachomnyima usingizi ni wizi kwa sababu halazi gari ndani ya geti.

5. MTEGO MKUBWA WA SISI WAUZAJI: MATUMIZI

Tulia hapa, ndiyo sababu ya kuandika yote haya.

Kila mkataba wa bima una sehemu inayoitwa matumizi ya gari. Umeandikisha gari lako kama la binafsi, pleti namba ya njano, matumizi ya nyumbani. Halafu kila siku linabeba mizigo ya kuuza. Siku ya ajali mkaguzi wa kampuni anafika, anakuta maboksi ishirini ya viatu na daftari la oda. Anauliza: "Gari hili linafanya kazi gani?"

Kuna hatua tatu, na bima haiziangalii sawasawa:

– Unatumia gari kwa shughuli zako binafsi.
– Unatumia gari kubeba bidhaa zako mwenyewe za biashara.
– Unatumia gari kubeba mizigo au watu wengine kwa malipo. Hapa ndipo penye pleti nyeupe, na LATRA nao wana leseni yao.

Dada anayeuza viatu na kupeleka mwenyewe yuko kwenye hatua ya pili. Lakini akianza kuwapelekea na wauzaji wenzake mizigo kwa elfu tano tano, tayari ameingia ya tatu, hata kama gari ni lilelile na barabara ni ileile.

Ukitumia gari tofauti na ulivyoandikisha, kampuni inaweza kukataa kutengeneza gari lako. Na kwa mtu uliyemuumiza, kampuni inaweza kumlipa kwa sababu sheria inamlinda, halafu ikageuka na kukudai wewe. Umelipa ada mwaka mzima, na bado unadaiwa.

Dawa yake sio kuficha maboksi. Dawa ni kusema ukweli siku ya kukata bima. Mwambie wakala hivi: "Gari hili natumia pia kupeleka bidhaa ninazouza. Naomba iandikwe kwenye mkataba." Ada inaweza kupanda kidogo, lakini sasa umenunua bima kweli, sio karatasi ya kumwonyesha trafiki.

6. MZIGO WA MTEJA HAUMO

Hata ukiwa na bima kubwa, kinacholindwa ni gari. Ile friji, yale mapazia, zile simu kumi ulizofuata Kariakoo, ni habari nyingine. Kioo kikivunjwa ukiwa umeingia kuchukua chakula Manzese, kioo kinaweza kulipwa, simu hazilipwi.

Inayolinda mzigo inaitwa bima ya mizigo safarini. Kama unauza vitenge vya elfu ishirini ishirini, huenda huihitaji, hasara ya siku moja unaweza kuibeba. Kama unabeba vifaa vya umeme vya milioni kadhaa kwa safari moja, ulizia bei yake. Kama hutaki kuikata, basi weka kanuni zako: usibebe mzigo wa zaidi ya kiasi ambacho ukikipoteza biashara bado itasimama, na usiache mzigo kwenye gari usiku.

Na mweleze mteja mapema, kwa maandishi, mzigo ukiharibika njiani nani anabeba. Ni heri mteja aulize maswali kabla kuliko kugombana baada ya kulipa.

7. UNAMTUMA BODABODA? NA HAPO SOMA

Wengi hatuna gari, tuna bodaboda wetu wa kuaminika pale kijiweni. Tatizo ni kwamba akimgonga mtu akiwa na boksi lenye jina la duka lako, watu wanaanza kuuliza hilo boksi ni la nani.

Kabla hujamfanya kuwa msafirishaji wako wa kudumu, muulize mambo matatu: leseni ya udereva, bima ya pikipiki iliyo hai, na kama imekatwa kwa matumizi ya biashara. Sio kumdharau. Mwambie tu, "Kaka, nataka tufanye kazi muda mrefu, naomba nione karatasi." Aliye makini hakasiriki.

Ukikodi kirikuu kuhamisha stoo, fanya vilevile. Dakika mbili tu.

8. STIKA FEKI NA VISHOKA

Zamani Tanzania Bara bima ilikuwa mkononi mwa Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa mwaka 1963. Baada ya utaifishaji wa 1967 lilibaki peke yake mpaka soko lilipofunguliwa miaka ya 1990. Siku hizi kampuni ni nyingi, mawakala ni wengi, benki nazo zinauza bima. Ushindani umetuletea unafuu, ila umeleta na vishoka.

Msimamizi wa sekta ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Stika sasa ni ya kielektroniki, na TIRA wana mfumo unaoitwa TIRA MIS ambao unaingiza namba ya gari kisha unaona kama bima ipo na inaisha lini. Kwa hiyo huna sababu ya kuamini picha ya stika uliyotumiwa WhatsApp.

Kanuni ni hizi:

– Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni au wakala aliyesajiliwa. Likitokea jina la mtu usiyemjua, simama.
– Ukimaliza kulipa, hakiki palepale kabla hujaondoka.
– Angalia namba ya gari, jina la mmiliki, aina ya bima, na matumizi. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe siku hiyohiyo.
– Bima ya bei ya kutupa, nusu ya wengine wote, ina walakini.

Na wale mnaonunua magari mkononi: kuikuta bima kwenye gari hakumaanishi ni yako. Mkataba ni wa mwenye gari wa zamani. Badilisha kadi TRA, na wajulishe kampuni ya bima umiliki umehama. Fanya hivyo wiki ya kwanza, sio ukishapata ajali.

Na kama mzigo wako unaufuata kwa gari nje ya nchi, Zambia au Uganda kwa mfano, bima ya hapa peke yake haitoshi mpakani. Ulizia Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania imo kwenye mpango huo.

9. SIKU YA AJALI

Hifadhi hii kwenye simu.

– Angalia watu kwanza. Majeruhi apelekwe hospitali, na polisi wanatoa PF3 kwa ajili ya matibabu.
– Piga picha nyingi: magari yalivyokaa, namba za magari, barabara, alama za breki. Sisi tunapiga picha za bidhaa kila siku, hapa hatushindwi.
– Usisaini karatasi ya kukubali kosa wala kuahidi kulipa papo hapo. Mkataba wako unaweza kukukataza, na kampuni ikajitoa.
– Chukua namba za mashahidi.
– Toa taarifa polisi na kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo. Mikataba ina muda wa mwisho wa kutoa taarifa.
– Usipeleke gari kwa fundi kabla mkaguzi wa bima hajaliona.

Kampuni ikikuzungusha, omba sababu kwa maandishi. Kisha peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya watu kama sisi wasio na hela ya kukaa mahakamani.

10. SASA NICHUKUE IPI?

Jiulize swali moja: gari hili likiondoka kesho, naweza kununua jingine bila kugusa mtaji wa bidhaa?

Kama ndiyo, na gari ni la zamani la bei ndogo, bima ndogo inatosha. Ile tofauti ya ada iweke kibubu kila mwezi iwe ya matengenezo.

Kama hapana, na gari ndilo linaloleta hela, nenda bima kubwa. Ukiona ni nzito, angalau moto na wizi.

Kama gari ni la mkopo, mjadala umeshafungwa na benki. Wewe hakikisha matumizi yameandikwa sawasawa.

Vyovyote utakavyochagua, anza kuweka akiba miezi mitatu kabla bima haijaisha, ili tarehe isikukute huna kitu. Bima ikiisha jana, leo huna bima, hakuna siku za huruma barabarani.

Kazi ya leo ni ndogo. Chukua namba ya gari lako, hakiki bima yako, kisha tafuta mkataba usome mistari miwili tu: aina ya bima na matumizi. Ukikuta imeandikwa tofauti na unavyofanya kazi, mpigie wakala wako kesho asubuhi kabla hujapakia mzigo wa kwanza.

Mtumie na yule mwenzako anayepeleka oda kwa gari lake kila siku. Biashara njema, na safari salama.